Mbeba Mizigo Amepanda Meli

Florida, Amerika
5 Septemba 2025

Kwako Mastura, mla nazi, mvivu wa Makorora,

Sikuulizi hali. Najua umekaa barazani, mdomo umejaa pini, unashona sare za shule huku unamsema mtu. Kama leo unayemsema ni mimi, basi endelea, maana kesho Jumamosi mtani wako napanda meli ya starehe yenye ghorofa kumi na nne, na huko hutanifikia hata kwa fitina.

Nimetimiza wiki mbili kwa Luka. Mwanangu mzuri, hana makosa, ila anafanya kazi usiku kucha ya kuwalea wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee, na akirudi asubuhi ananibusu kwenye paji la uso na kulala mpaka jua linazama. Mimi mama yake mzazi naangalia televisheni ambayo siielewi. Nikitoka nje sioni mtu. Barabara nzima ni magari, na waliomo ndani hawajui kusalimia. Juzi nilimsalimia mama mmoja mwenye mbwa, akavuka upande wa pili.

Ndiyo maana Luka akasema, mama, nimeomba likizo, twende tukakae baharini siku saba, mimi na wewe tu. Tuko garini ndipo akaniambia kwamba tiketi zimeshuka bei kwa sababu huu ni msimu wa vimbunga. Alisema kama mtu anayesema nyanya zimeshuka sokoni. Nikamwambia mwanangu, hata Mdigo wa Makorora hawezi kununua safari ya kimbunga kwa kuwa ni rahisi. Akacheka, akasema watu wa hapa wamezoea, kimbunga kikija meli inakikwepa.

Nakuandikia kama tulivyokubaliana. Wewe simu hutaki, na mimi nakuelewa. Miaka ile kiwandani, mashine za kusokota kamba zilivyokuwa zinapiga kelele, tungesemaje kama si kwa vikaratasi? Nilikuwa nakutukana kwenye lebo za marobota ya mkonge, unakunja, unaweka kifuani, unanijibu baada ya chai. Simu huwezi kuikunja. Kwa hiyo utaandika kwenye daftari, Nasma wa steshenari atapiga picha na kumtumia Luka, na zangu atakuchapia. Meli ikifika bandarini tutapata mtandao, katikati ya bahari hakuna.

Hukuja stendi kuniaga. Ulisema kidole kimejigonga kwenye kanyagio la cherehani. Watani hawaagani kwa visingizio, lakini nimekusamehe.

Ni mimi mtani wako, abiria wa ghorofa ya tisa,
Ritha


Makorora, Tanga
8 Septemba 2025

Kwako Ritha, mbeba mizigo,

Nimesoma, nimecheka mpaka Nasma akaniuliza kama nimemeza pini. Babu zako Wanyamwezi walitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani na pembe za ndovu za watu mabegani. Baba yako akaja hapa kukata mkonge na kubeba mafungu kichwani. Wewe mwenyewe umebeba marobota miaka ishirini. Leo mbeba mizigo anabebwa! Mwenyezi Mungu kweli hana choyo. Angalia tu usije ukamnyang'anya mhudumu begi kwa mazoea.

Huku hakuna jipya. Mvua haijanyesha, sare za shule zimeisha, sasa nashona za kwaya ya kanisa lenu. Vipimo vya wenzako nimeviandika kwenye ukuta. Nyinyi Wakristo mnakula.

Kile kidole ulichokiita kisingizio kimekuwa cheusi. Hakiumi, na hilo ndilo linalonishangaza. Nilikwenda kliniki ya sukari, daktari mwenyewe kijana, ananiita bibi, akakigusa na kijiti na kuniuliza kama nasikia. Nikamwambia nasikia unavyosema, kijiti sikisikii. Basi anataka kunipunguza. Anasema akate hapa kwenye kifundo, mguu wa kulia, kabla mambo hayajapanda juu. Amenipa karatasi ya kutia saini na kasema nisipitishe Ijumaa. Karatasi nimeiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini.

Fikiria mimi, Mdigo mvivu, nimepata sababu ya daktari ya kutotembea. Nitaketi barazani watu waniletee chai. Cherehani itakwenda nusu, nguo zitakuwa na mkono mmoja. Kaka yangu Kombo sijamwambia. Yeye yuko Mwera na mashamba yake, akisikia atakuja kunihutubia. Watoto sina wa kuniamulia, wewe wajua. Kwa hiyo nakuuliza wewe mtani, kwa kuwa utani ndiyo serikali yangu: nikubali au nikatae? Sema, nitafuata.

Ukiona samaki mkubwa, mwambie Mastura anamsalimu.

Wako, kwa sasa mwenye miguu miwili,
Mastura


Bandarini, kisiwa nisichojua kukitamka
9 Septemba 2025

Kwako Mastura, mwongo wa kutupwa,

Barua yako nimeisoma ufukweni, nimekaa kwenye kiti cha kulala, nimevaa kanga yangu ile ya bluu katikati ya watu walio uchi. Nimecheka peke yangu mpaka mzungu wa jirani akanipa maji.

Jibu langu ni hili: kataa. Kataa kabisa! Huo mguu mmoja wa Mdigo una thamani gani hata daktari autake? Mwambie kijana wako kwamba mguu huo haujawahi kufanya kazi tangu uumbwe, umekaa tu barazani, ni mpya, haukatwi. Na ukikubali, mimi nimekwishaona viatu hapa sokoni, vya ngozi, vina ua juu. Nitakununulia kimoja. Sitapoteza pesa ya viwili kwa mtu wa mguu mmoja.

Sasa nikueleze habari za meli. Tuko watu elfu tatu. Chakula kimejaa mpaka kinatia huzuni, wanatupa mikate mizima. Kuna bwawa la kuogelea juu ya bahari, kitu ambacho sijakielewa bado. Jioni wanapiga muziki na wazee wanacheza wameshikana viuno. Wote wamekuja wawili wawili. Mimi nakula mezani na kiti kitupu kwa sababu Luka amelala. Analala, Mastura, kama mtu aliyekuwa na deni la usingizi la miaka kumi. Namwacha. Nakaa kitandani mwangu namsikiliza anavyokoroma, na nakumbuka alivyokuwa mdogo pale kwenye nyumba za manamba. Jana usiku nilihesabu vifungo vya shati lake lililotundikwa, nikarudia, nikarudia. Leo ndiyo ameamka mchana kwa mara ya kwanza, akavaa kofia, tukashuka pamoja.

Kuna habari ya kimbunga. Wamekipa jina la mtu, tena la mwanamke, na wanakitaja kwenye spika kwa adabu kama mgeni wa heshima. Kapteni amesema tutabadili njia. Kwa hiyo kisiwa cha pili hatufiki, na sijui barua ijayo nitaituma wapi.

Kaa na miguu yako.
Ritha


Makorora
11 Septemba 2025

Ritha,

Nimepokea. Nimefanya ulivyosema. Leo asubuhi nimemrudishia daktari karatasi yake haina saini. Nikamwambia mshauri wangu yuko melini, kakataa. Akanitazama sana. Akasema bibi, hiki si kitu cha kungoja. Nikamwambia na mimi si mtu wa kukatwa vipande, nikaondoka kwa bajaji.

Kwaya yenu wamekuja kujaribu nguo. Zimewakaa vizuri. Wameniombea, nikaitikia amina, kwani Mungu ni mmoja.

Ile barua yangu uliisoma mpaka mwisho?

Mastura


Baharini
13 Septemba 2025

Mastura mtani wangu,

Naandika bila kujua itakufikia lini. Tulitakiwa kuwa nyumbani kwa Luka leo hii. Kimbunga kimekaa mbele ya mlango wetu, bandari imefungwa, na meli inazunguka mbali kukisubiri kiondoke. Mtandao hatuna tangu tutoke kile kisiwa. Spika zinasema tutulie.

Meli kubwa hivi sikudhani ingeweza kuyumba. Inanyanyuka taratibu, inakaa kidogo, halafu inashuka, na tumbo lako linabaki juu. Bwawa wamelimwaga maji. Kwenye korido wamefunga mifuko ya kutapikia kwenye vyuma vya ukutani, yote imepangwa kwa usafi. Tulifanyishwa mazoezi ya kuvaa maboya. Bibi mmoja wa Kizungu aliye peke yake alishindwa kufunga mkanda, nikamfunga. Alinishika mkono akauacha huko muda mrefu. Hatukuwa na lugha ya kusemeshana, tukakaa tu.

Luka anatapika. Jana aliniambia kitu. Alisema, mama, nimekuleta huku kwa sababu nyumbani kwangu naona haya, sina rafiki hata mmoja wa kukukaribisha, nikaona bora tuende mahali ambapo kila mtu ni mgeni. Miaka tisa yuko Amerika, Mastura, na mimi nilikuwa nawaonyesha watu kanisani picha zake. Nilimfuta uso kwa kitambaa nikamwimbia wimbo wa Kinyamwezi ambao maneno yake nusu nimeyasahau.

Niliogopa usiku huo, naomba usinicheke. Kilichoniogopesha ni kufa mahali ambapo hapana mtani. Nani atazuia jeneza langu mpaka alipwe? Nani atavaa nguo zangu aigize ninavyotembea, watu waliokuwa wanalia wacheke? Tulikubaliana, nikitangulia mimi unafanya wewe, ukitangulia wewe nafanya mimi. Hapa wangenitupa kimya kimya wakaendelea na muziki.

Nakumbuka mwaka ule nilipofika kiwandani, sijui mtu. Ulinikuta nimebeba robota ukasema, mpisheni Mnyamwezi apite na kabila lake. Wengine walidhani nitapigana. Mimi nilijua nimepata nyumbani. Sijawahi kukwambia hivyo, na ukinikumbusha nitakana.

Ritha


Makorora
14 Septemba 2025

Ritha,

Leo sina utani.

Nina homa tangu jana. Mguu umevimba mpaka chini ya goti na una harufu. Nimefunga dirisha ili majirani wasisikie harufu, halafu nimelifungua kwa sababu siwezi kupumua. Nimeshona kwa mguu wa kushoto peke yake, nikajionyesha kwamba naweza, halafu nikaacha.

Nilipokuuliza nilikuwa nauliza kweli. Nilijua kama wewe ndiye ungesema kata, ningeweza kukata. Nyumba hii ni kimya. Zamani sikuwa naisikia kwa sababu nilijua Ijumaa unapita kutoka Chumbageni na kelele zako. Siku hizi naisikia.

Nijibu. Hata neno moja. Nasma anasema ujumbe unakwenda lakini haufiki.

Mastura


Bandarini, Florida
17 Septemba 2025

Mastura,

Tumetia nanga saa hii. Simu ya Luka imelia mara tatu, ni barua zako mbili na ujumbe mmoja wa mazoezi ya kwaya. Nimezisoma nimesimama kwenye foleni ya kushuka, na watu wananipita.

KUBALI. Kata. Kata leo. Usingoje Kombo, usingoje mtu. Nilisema kataa kwa utani, Mungu wangu ananiona. Tia saini, au weka kidole.

Nampigia Nasma, hapatikani. Nampigia Kombo, hapatikani. Luka anatafuta tiketi ya kurudi. Za haraka hakuna, ndege zote zimejaa watu waliokwama kwa kimbunga. Wamenipa tarehe ya mbele sana.

Kata, mpenzi wangu.
Ritha


Steshenari, Makorora
18 Septemba 2025

Shikamoo Mama Ritha,

Ni mimi Nasma. Samahani simu yangu ilikuwa kwa fundi, kioo kilivunjika. Barua yako ya jana nimeichapa lakini sijaipeleka, kwa sababu Bi Mastura hayupo nyumbani. Jumatatu hakufungua mlango, tukampigia kaka yake. Mzee Kombo akaja kutoka Mwera siku hiyohiyo, wakamchukua hospitali hajitambui vizuri. Mzee Kombo ndiye aliyetia saini.

Wamemkata juu ya goti. Daktari alimwambia Mzee Kombo kwamba angekuja kabla ya Ijumaa ile ingeishia kwenye kifundo. Sasa anaongea na anakula uji.

Mama, mimi zile barua nilizisoma wakati wa kupiga picha. Naomba unisamehe. Nilizisoma nikacheka nikijua ni utani wenu.

Barua yako nimpelekee?

Nasma


Makorora, Tanga
28 Septemba 2025

Kwako mpendwa Mama Luka,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Ama baada ya salamu, mimi sijambo, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na nyumbani. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba barua yako ya tarehe 17 nimeipokea na nimeielewa.

Nimetoka hospitali jana. Naendelea vizuri kwa uwezo wake Mola. Kaka yangu yupo nami. Majirani wananisaidia. Wanakwaya walikuja kuniona, nawashukuru.

Nimefurahi kusikia kwamba umesalimika na kimbunga pamoja na kijana wako. Msalimie sana. Nakutakia mapumziko mema na safari njema ya kurudi.

Wasalaam,
Mastura


Chumbageni, Tanga
7 Oktoba 2025

Mastura,

Kutoka kwangu mpaka kwako ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu, na nakuandikia barua. Nasma ameniahidi ataileta mwenyewe.

Jumapili nilipokuja ulikuwa umelala umeelekea ukutani, umefunikwa shuka, na chini ya shuka upande mmoja unaishia mapema. Kombo alinipa kiti. Ukageuka ukasema, pole na safari, Mama Luka, karibu mgeni wetu. Ukamwambia Kombo anipe chai. Miaka arobaini na moja hujawahi kuniita Mama Luka. Siku tulipomzika mume wangu uliniambia, Mnyamwezi umeua tena, na nilicheka kaburini mbele ya padri. Jumapili uliniambia karibu mgeni. Nilikunywa ile chai yote maana sikujua la kufanya, nikaaga, ukaniambia ahsante kwa kuja. Njiani nilikalia jiwe karibu na shule nikalia mchana kweupe, watoto wananiangalia.

Ungenitukana ningejua pa kushika. Adabu yako imenifungia mlango.

Sasa nataka nikwambie kitu ambacho sikumwambia hata Luka, na ukishakijua fanya utakavyo. Kwenye barua ya bandarini nilisema nilikujibu kataa kwa utani. Siyo kweli yote.

Siku ile ufukweni niliisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza moyo ulinishtuka. Utani wako naujua tangu kiwandani, hauna tarehe. Hujawahi kunitania ukataja siku. Na wewe uliandika Ijumaa. Nililiona lile neno Ijumaa nikajua. Halafu nikamwangalia Luka. Ndiyo ile siku alikuwa ameamka, amevaa kofia, ananiletea nazi ya kunywa kwa mrija, anacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nikajisemea, nikijua, itabidi nimwambie anirudishe. Nikachagua kutojua. Nikaanza kuisoma upya kwa sauti ya utani, nikacheka kwa nguvu ili nijiamini, na nikaandika kataa. Kile kicheko kilichomfanya mzungu anipe maji hakikuwa kicheko.

Kimbunga kilinichelewesha siku nne. Lakini kabla ya kimbunga nilikuwa na siku nzima na mtandao, na niliitumia kutafuta viatu.

Nilivinunua, Mastura. Nilinunua vyote viwili. Nilipanga nikupe kimoja kwanza, nikutazame unavyonitukana, halafu nitoe cha pili mgongoni. Viko hapa juu ya meza, vya ngozi, vina ua. Siwezi kuvileta na siwezi kuvitupa. Nimevifunika na gazeti.

Mila inasema mtani hamkasirikii mtani. Naona imekufunga mdomo, ndiyo ukakimbilia adabu. Mimi nakufungua. Kama una hasira, ziseme. Nitakaa nazisikiliza. Nyumba yangu nayo imekuwa kimya.

Ritha


Makorora
8 Oktoba 2025

Ritha,

Vizuri. Umenifungua, basi kaa usikilize.

Nina hasira. Nina hasira siku ishirini na tatu. Naamka natafuta kushusha miguu chini, unashuka mmoja, na kabla sijasema bismillahi nakuona wewe umekaa kwenye kiti chako cha kulala na nazi mkononi. Kuna wakati usiku mguu ambao haupo unawasha kwenye kidole kilekile, najikunia hewa, na nakulaani kwa Kidigo, lugha ambayo huwezi kunijibu. Kifundo ningekisahau. Watu wa kifundo wanavaa kiatu wanakwenda sokoni. Goti silisahau.

Kuhusu neno Ijumaa, nilijua umeliona. Niliposoma kataa yako nilijua. Mimi nawe tumesomana vikaratasi miaka mingi mno, huwezi kunificha. Hiyo ndiyo iliyonitia adabu. Kama ungekuwa hujaelewa ningekutukana siku ileile.

Lakini nimelala hapa sana, na mtu akilala sana hufika mpaka kwenye makosa yake. Mimi kwa nini nilikuuliza kwa utani? Kalamu ilikuwa yangu. Ningeweza kuandika Ritha naogopa, njoo. Maneno matatu, Nasma angepiga picha moja. Nilikuuliza kwa mzaha ili ukisema kataa, asiyetaka kukatwa awe wewe na si mimi. Nilitaka kukataa tangu kwenye kijiti. Nilikuwa natafuta wa kunibebea hilo, na nikatafuta kwa Mnyamwezi, kwa kuwa Wanyamwezi ndiyo kazi yenu. Hasira hazijaisha. Nakwambia tu kwamba si zako peke yako.

Sasa sikiliza, mbeba mizigo. Kombo amerudi Mwera jana, mahindi yake yanamwita. Kesho Alhamisi saa mbili asubuhi natakiwa hospitali kuosha kidonda. Bajaji inafika mpaka kwenye kona tu, kichochoro changu unakijua. Kijana wa bajaji kasema atanibeba, nikamwambia simtaki, mimi nina mtu wangu wa ukoo wa wabebaji. Babu zako walibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani. Utashindwa kunibeba mimi kutoka kitandani mpaka kwenye kona? Nimepungua, hata mzigo wenyewe ni nusu bei.

Kiatu cha kushoto njoo nacho, nitakivaa kesho. Cha kulia usikitupe. Kiweke kwako, mahali utakapokiona kila siku.

Na ukifika usibishe hodi kama mgeni. Ingia unatukana.

Ni mimi mzigo wako,
Mastura